Mirunda ya Jukwaa la Ziwa

Uwanja wa Chuo,
Mwanza.
11 Januari 1998

Kwa Katibu wa Walioshindwa, Tawi la Kamanga.

Mtani Chenge,

Bado unapumua? Nasikia baada ya yale mabao matatu Reli tuliyowafunga Desemba ulifunga mashine yako ya kusaga siku mbili nzima, watu wa Kamanga wakashindia viazi kwa sababu katibu wao analia. Pole. Sangara wa ziwani huvuliwa kwa nyavu. Timu yenu ya Sangara hujileta yenyewe jikoni, na chumvi imebeba.

Sasa kaa chini nikupe habari. Mimi ndiye fundi mkuu wa ukarabati wa Uwanja wa Chuo. Tangu chuo kipandishwe kuwa chuo kikuu, wakubwa wameona aibu kuwa na uwanja wenye choo cha shimo. Wameukodisha kwa mwekezaji miaka thelathini, naye ametuletea meneja, Venant, mtu wa tai na viatu vyeupe, ambaye hajawahi kushika mwiko. Jukwaa la Ziwa, hilo mnalokaa ninyi Sangara kila mechi kama vile mlizaliwa humo, linaongezewa ngazi kumi za zege juu ya ule ukuta wa mawe. Na uwanja haufungwi hata siku moja. Ninyi mtakuwa chini mnapiga kelele, sisi juu yenu tunachanganya zege. Tofali likikuangukia kichwani usijali, halitaumia.

Aluoch hajambo hapo kwako? Nilipokubali binti yangu mwalimu apange kwa mtani, nilijua atakula vizuri na kusikia upuuzi. Mlishe. Upuuzi mpunguzie.

Wako katika ushindi,
Josephat Oyoo,
Reli damu.


Kamanga,
18 Januari 1998

Mtani Oyoo, fundi wa mabanda ya kuku,

Kwa hiyo wamekosa mtu kabisa.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Maulida, yule dada muuza vitumbua wa kivukoni, na nitamtumia yeye yeye, maana posta siku hizi nayo inasubiri mwekezaji.

Ule ukuta wa mawe unaoukalia na ndoo yako tuliujenga sisi, mwaka sabini na sita. Kila Jumamosi, kila mtu jiwe moja, kutoka mlimani hadi uwanjani. Hakuna aliyelipwa. Mke wangu Bernadeta alibeba lake akiwa na mimba ya mwanetu Mhoja. Wewe ulikuwa kibarua wa reli, umekaa juu ya kiberenge unatucheka. Leo mtu aliyeshuka na ndege anaambiwa ukuta ni wake miaka thelathini, na mimi nikitaka kukalia jiwe langu nakatiwa tiketi. Nilifundisha elimu ya siasa miaka kumi na minne, Oyoo. Wakalifuta somo asubuhi moja, nikabaki na chaki mkononi na watoto wananitazama. Ninalijua jina la jambo hili. Zamani tuliliita kwa jina lake. Siku hizi linaitwa ukarabati.

Na kwa nini hawafungi? Mtu mwenye akili akibomoa paa huwatoa watoto kwanza. Hawafungi kwa sababu fainali ya kombe la mkoa ni Machi, Sangara na Reli, na tumbo la mwekezaji halina likizo.

Aluoch yuko salama. Anafundisha hesabu darasa la nne, na Bernadeta amemfanya mwanawe kabisa. Kasoro yake moja tu, hapendi mpira. Ndiyo hasara ya kulelewa Reli: mtoto anadhani mpira wote ni kama wenu.

Mtani wako unayemwogopa,
Chenge.


KUTOKA: Meneja wa Uwanja
KWA: Fundi Mkuu J. Oyoo
7 Machi 1998

Mirunda yote inayoshikilia ngazi mpya za Jukwaa la Ziwa iondolewe kesho Jumapili. Njia ya mashabiki inapita hapo chini, na vibanda vya bia vinahitaji nafasi kabla ya fainali ya Jumamosi.

Maelezo yako kwamba zege lina siku tisa tu na linahitaji ishirini na nane, na kwamba mvua hizi za El Nino zimelichelewesha zaidi, yamesikika. Mechi haisubiri zege. Kama unaona kazi ni ngumu, pale getini kuna mafundi wanaokaa tangu alfajiri wakiomba nafasi yako.

Ukishasoma, barua hii irudishwe ofisini.

Venant.


Uwanja wa Chuo,
9 Machi 1998

Mtani Chenge,

Nakuandikia mapema ili usiseme Reli hatuna huruma.

Jumamosi wapeleke watu wako upande wa jua. Jukwaa la Ziwa limeota meno. Limechoka kubeba washamba, na safari hii litawameza kama sangara anavyomeza dagaa. Mbavu zake tumezitoa jana, limebaki ngozi. Kaeni juani mkauke. Dagaa aliyekauka angalau hurudi nyumbani ndani ya gunia.

Usicheke sana ukasahau kufanya ninavyosema. Hasa zile ngazi mpya za juu, mwachieni Mungu na njiwa.

Mimi Jumamosi sipo. Nakwenda Misungwi kuangalia mchanga.

Oyoo.


Kamanga,
10 Machi 1998

Mtani,

Umezeeka. Uongo ule ule mara mbili!

Mwaka jana, nusu fainali, ulituletea habari kwamba Jukwaa la Ziwa limepuliziwa dawa ya mchwa, na atakayekaa atavimba makalio. Nikakuamini. Watu mia mbili nikawaweka juani kwa saa mbili. Mpira ulipoanza mkaingia ninyi Reli kivulini mnatupungia mikono, na wewe mbele umefungua mwavuli kabisa, kivulini! Kamanga wamenicheka mwaka mzima. Mtu akileta mahindi kusaga ananiuliza, "Katibu, hapa panakalika? Hapajapuliziwa dawa?" Nusura wanivue ukatibu.

Leo jukwaa limeota meno. Kesho litaota ndevu. Na eti wewe, fundi mkuu, Reli damu, utaikosa fainali ya Reli kwenda kuangalia mchanga! Hata uongo unahitaji nondo, Oyoo. Huu wako umejengwa kwa udongo.

Sikia jibu la Sangara. Mwaka jana nilileta mia mbili. Jumamosi naleta mia tatu, na zile ngazi mpya za njiwa tutazijaza sisi, tuwatemee mbegu za maboga.

Barua yako nimeisoma mashineni mbele ya watu. Wamecheka, mmoja kamwaga debe zima. Aluoch tu ndiye hakucheka. Reli hamjui kucheka mkitaniwa, sasa hata mkitania wenyewe?

Chenge.


Kamanga,
11 Machi 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na kazi inaendelea.

Baba, nakuomba usinijibu kwa mzaha. Baba Mhoja ameisoma barua yako mashineni. Nimekulia juu ya kokoto zako, nakujua. Unatania kuhusu mpira. Unatania kuhusu Wasukuma. Hata babu alipokufa ulitania, mama akaona haya. Lakini sijawahi kukusikia ukitania kuhusu zege.

Umeandika kwamba mbavu zimetolewa. Ni mirunda? Mlimwaga lini hilo zege? Nilipokuwa darasa la saba ulinifukuza kwa fimbo nisikanyage sakafu ya jirani iliyokuwa na siku kumi, ukanihesabisha hadi ishirini na nane. Ndiyo maana nauliza.

Mimi siendi, nina madaftari ya mtihani ya watoto sabini na wawili. Lakini Mama Bernadeta anakwenda, na wazazi wa nusu ya darasa langu. Baba Mhoja hatasikia lolote kutoka kwako likiwa limevaa utani. Mwaka jana ulimwumiza kuliko unavyodhani. Niandikie mstari mmoja tu ulio mkavu. "Msikae pale, litaanguka." Basi. Nitasimama nao kivukoni mimi mwenyewe, na hakuna atakayepanda.

Nitasubiri kwa Maulida Jumamosi asubuhi, kivuko cha kwanza.

Mwanao,
Aluoch.


Mwanza,
13 Machi 1998

Mwanangu Aluoch,

Marahaba. Usijisumbue bure. Nilitania. Jukwaa ni imara, nimelijenga kwa mikono yangu.

Umefanya vizuri kukataa kwenda. Baki na madaftari yako hata wakikubembeleza. Mpira si mambo ya mwalimu.

Na haya maneno ya mirunda usiyaseme mbele za watu. Hapa kuna masikio. Meneja ameniita jana kuniuliza ni nani anapeleka habari za uwanja huko Kamanga, na pale getini kuna watu wanaoitamani kazi ya baba yako. Wadogo zako watatu bado wako shule.

Mama yako anakusalimu kutoka Shirati.

Baba yako,
J. Oyoo.


Kivukoni Kamanga,
Jumamosi 14 Machi, asubuhi

Mtani!

Nimeshinda kabla ya mpira. Aluoch amefungua barua yako hapa hapa, akaja mbio kwangu: "Baba Mhoja, ametania! Ameandika mwenyewe!" Basi akacheka, mtoto wa watu, kicheko ambacho sijakisikia wiki nzima. Kumbe alikuwa hapati usingizi kwa ajili yako.

Nikamwambia, baba yako ametaka kutuchezea mara ya pili, na faini utalipa wewe. Bernadeta kamvika kanga yetu ya bluu, akina mama wakapiga vigelegele, akakosa pa kukimbilia. Madaftari ameyabeba kwenye mkoba, eti atasahihisha wakati wa mapumziko. Tunampandisha ngazi ya juu kabisa, pale kwa njiwa, ili ukiinua macho kutoka upande wenu umwone binti yako kavaa Sangara.

Hii nampa Maulida akukabidhi mkononi pale getini. Usijifiche. Najua hukwenda Misungwi.

Chenge, bingwa mtarajiwa.


Shirati,
29 Machi 1998

Chenge,

Nilikuwa Misungwi.

Nilirudi saa kumi na mbili jioni. Maulida alikuwa ameketi chini getini, barua yako mkononi. Alikuwa nayo tangu saa sita mchana. Walimwambia mlango mdogo wa mafundi umefungwa na mimi sipo, lakini wewe ulimwagiza anipe mkononi, basi akasubiri. Watu wanatolewa mbele yake juu ya milango ya vibanda vya bia, naye kaishika barua. Nikaisoma pale pale nimesimama. Ndipo nikaingia.

Tumemzika Aluoch tarehe kumi na nane. Nimesikia Bernadeta mmemzika kumi na sita. Wote kumi na tisa waliokufa nimewaandika majina yao.

Sasa nakuandikia mkavu, kama alivyoniomba. Zege lilikuwa na siku tisa. Niliamriwa kuondoa mirunda, nikaiondoa. Amri ilikuwa ya maandishi, na Venant aliitaka irudi, nikairudisha kama mtumishi mwema. Nilijua litaanguka. Sikujua saa, lakini nilijua. Nilikuandikia kwa utani kwa sababu utani hauna ushahidi: ungesikia, watu wangepona, ungenishtaki, ningesema tunataniana. Nilitaka kuwaokoa bila kuguswa. Aluoch alipouliza nilikanusha, kwa sababu yeye alisema haendi. Wengine niliwahesabu kuwa si wangu.

Nasikia Tume ya uchunguzi inakaa chuoni wiki ijayo. Barua zangu zote unazo. Zipeleke. Hii pia ipeleke, isomwe. Waambie fundi mkuu alijua, na meneja alijua, na chuo kilijua, kwa maana mhandisi wao alipita tarehe nane akaitazama mirunda imelala chini, akakubali soda.

Mimi mwenyewe sitafika. Nisamehe hilo. Mke wangu Atieno bado hajaambiwa kuhusu ile barua ya tarehe kumi na tatu, na kulipita lile geti siwezi.

Josephat Oyoo.


Kamanga,
8 Aprili 1998

Kwa Ndugu Josephat Oyoo.

Salaam.

Nakuarifu kwamba agizo lako nimelitekeleza. Mguu umefungwa plasta hadi kiunoni, lakini nilibebwa.

Tume ilikuwa watu watatu na mwanasheria wa mwekezaji, ukumbini chuoni, madirisha wazi. Reli walikuwa uwanjani wanafanya mazoezi, filimbi inasikika. Uwanja haujafungwa hata siku moja, Ndugu Oyoo, kama ulivyoniandikia Januari. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi walicheza, mashabiki upande wa jua, na upande wetu wametundika turubai kubwa la kijani ili watu wasipoteze hamu.

Mwenyekiti aliisoma barua yako ya tarehe tisa kwa sauti. Alipofika kwenye meno ya jukwaa, mtu mmoja nyuma alicheka. Aliposoma dagaa na gunia, ukumbi wote ukaangua kicheko. Wafiwa pia. Mama mmoja mwenye bandeji kichwani alicheka hadi akaomba maji, halafu akalia, halafu akaomba radhi. Sikuwalaumu. Unaandika vizuri.

Mwenyekiti akaniuliza, "Mzee, wewe na huyu ni watani?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Miaka ishirini na miwili."

"Katika hiyo miaka, aliwahi kukuandikia neno la kweli?"

Nilikuwa na barua zako zote mapajani, tangu mwaka themanini. Nikaanza kuzipekua mbele yao. Walinisubiri kwa adabu. Sikupata.

Ndipo mwanasheria akatoa karatasi yenye alama ya matope. Waliitoa kwenye mkoba wa Aluoch, katikati ya madaftari. "Nilitania. Jukwaa ni imara, nimelijenga kwa mikono yangu." Akaniuliza huo mwandiko ni wa nani. Nikasema ni wako. Nilifundisha watoto miaka kumi na minne kusema kweli mbele ya serikali. Sikuweza kuacha siku hiyo.

Nikawapa ile ya Shirati. Wakauliza, "Shahidi yupo?" Nikasema hayupo. Wakauliza hiyo amri ya meneja iko wapi. Nikasema ilirudishwa ofisini. Mwenyekiti akaikunja barua yako taratibu, akasema Tume inampa pole mzazi aliyefiwa, na kwamba uchungu huwafanya watu wajitwike mambo mazito kuliko yaliyokuwepo. Barua yako ilimalizwa kwa dakika nne. Nilitazama saa ya ukutani.

Taarifa imetoka jana. Jukwaa lilikuwa imara kwa mujibu wa fundi aliyelijenga, kwa maandishi yake. Lilianguka kwa sababu ya msongamano. Tawi la Kamanga lilileta watu mia tatu badala ya mia mbili wa kawaida, na katibu wake aliwapandisha ngazi mpya kwa makusudi, kwa ushindani. Hayo yote ni kweli. Nimefungiwa kuingia uwanjani maisha yangu yote. Kuna mtu aliyepiga mawe kwenye mashine yangu usiku wa juzi, na sikupiga kelele, maana nadhani ni mume wa mmoja wa wale niliowapakia kivukoni.

Watu wengi wataandika kwamba nchi hii imeuzwa na wageni. Nilikuwa naandika hivyo mimi pia, kwa wino mwekundu. Sasa najua zaidi. Mgeni alitaka tu njia ya kupitishia bia. Mirunda iling'olewa na mtu wa hapa, anayejua idadi ya siku, aliyewahi kumchapa mtoto wake fimbo kwa ajili ya siku hizo hizo. Mwekezaji hakuwa na haja ya kununua ukuta. Alikupata wewe, ukiwa na mwiko wako.

Nami nilikuwa na barua iliyosema wazi tutakufa, nikaisoma nikicheka kwa sababu niliogopa kuchekwa. Hilo nalibeba mwenyewe. Bernadeta aliniuliza kivukoni, "Una hakika?" Nikamwambia mwanamke, Reli hawana jipya.

Mtani hakasirikiwi, ndiyo sheria yake. Hata akikutukania marehemu kaburini, unampa bia. Kwa hiyo nimeamua sisi si watani tena, kwa maana nataka kukasirika, na nataka kukasirika miaka mingi. Barua hii ni ya mtu usiyemfahamu.

Jambo la mwisho. Nilipokuwa nabebwa kutoka ukumbini, Meneja Venant alinikimbilia. Alinipa mkono wa pole, mikono yote miwili. Akauliza habari zako. Ngazi zinaanza kumwagwa upya Jumatatu, mechi zikiendelea. Anasema mafundi wamejaa getini, lakini fundi anayefanya anachoambiwa ni adimu, na nafasi yako hajampa mtu. Akaniomba, kwa kuwa tunaandikiana, nikuulize kama utakuja.

Sikuona haja ya kukuuliza. Nimemwambia utakuja.

P. Chenge.